Kanisa la Mwenge la Thogoto na Swali la Mwenye Nyumba

Magharibi mwa Nairobi, ukiipita Dagoretti kuelekea mjini Kikuyu, kuna mahali panaitwa Thogoto. Jina hilo usilitafute katika miti, mito wala koo za Wagikuyu, hulipati. Kigikuyu hakina sauti ya "s". Neno "Scot" lilipopita midomoni mwa wenyeji likatoka Thogoto, na likabaki hivyo hivyo hadi leo. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi ni wa Thogoto" anasema, bila kukusudia, kwamba yeye ni wa kwa Waskoti. Hapo ndipo palipo chimbuko la Wapresbiteri wa Afrika Mashariki, na hapo pana majengo mawili ya mawe ambayo ndiyo habari yangu ya leo.

Naandika haya nikiwa Zegereni, Kibaha, ambako Upresbiteri si jambo linalojulikana sana. Huku kwetu, ukitaja Uprotestanti wa zamani, mtu anafikiria Walutheri mara moja, na ana haki. Wajerumani wa misheni ya Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892 na kingine Maneromango mwaka 1895, na wajukuu wa waliobatizwa huko bado wapo. Lakini kuna sababu moja iliyonifanya niitazame Thogoto kwa jicho la Zegereni. Misheni ile ilipoanza haikujiita misheni tu. Ilijiita Misheni ya Viwanda ya Waskoti wa Afrika Mashariki. Viwanda! Sisi tunaoishi katika eneo lililotengwa kwa viwanda, malori yakipita usiku na mchana, tungetarajia moshi. Kumbe enzi zile neno hilo lilimaanisha useremala, uashi, kufyatua matofali na kulima bustani. Waliamini kwamba Mwafrika akishika randa na msumeno, Injili itaingia kwa urahisi zaidi. Na wenye fedha nyuma ya wazo hilo hawakuwa mapadri. Walikuwa wafanyabiashara wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, William Mackinnon na Alexander Low Bruce, huyu wa pili akiwa mkwe wa David Livingstone. Tangu siku ya kwanza kanisa, biashara na ardhi vilikula sahani moja.

Kiongozi wa msafara alikuwa Dk. James Stewart, aliyeazimwa kutoka Lovedale, Afrika Kusini. Mwaka 1891 wakaweka kambi Kibwezi, nchi ya Wakamba. Kibwezi ikawashinda. Malaria iliwaua Waskoti mmoja baada ya mwingine, na wale waliobaki walikuwa wanajenga huku wanazika. Mwaka 1898 Thomas Watson, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, akahamisha misheni kwenda juu, kwenye baridi ya Kikuyu.

Sasa hapa lazima twende polepole, maana mwaka huo una mzigo. Kati ya 1898 na 1900 nchi ya Wagikuyu ilipatwa na ukame, njaa na ndui kwa pamoja. Watu wengi mno walikufa. Wengine walikimbilia kwa ndugu zao kaskazini. Watson na mkewe Minnie, aliyefika mwaka 1899, waligawa chakula na kuuguza wagonjwa, na waliookolewa hapo ndio waliokuwa mbegu ya jumuiya ya misheni. Hilo ni jema, na haliwezi kufutwa. Lakini njaa ile ile ndiyo iliyofanya mashamba ya kusini mwa Ugikuyu yaonekane matupu machoni pa wageni. Shamba lililoachwa na mtu aliyekimbia njaa si shamba lisilo na mwenyewe, yeyote aliyewahi kuhama kijijini na kurudi anajua. Serikali ya kikoloni haikuona hivyo. Misheni ikapata eneo kubwa, takriban ekari 3,000 katika siku za David Clement Scott aliyeiongoza tangu 1901, na walowezi wakapata makubwa zaidi. Wagikuyu wana msemo kwamba hakuna tofauti kati ya mzungu mlowezi na padri. Ni msemo mkali, na kwa watu kama akina Watson hauna huruma, ila haukuzuka hewani.

Thomas Watson alikufa mwishoni mwa 1900. Minnie hakurudi kwao. Alibaki Thogoto hadi 1931, akifundisha wasichana na kulea mabweni, na watu wakamwita Bibi wa Ngambi, yaani bibi wa kambi. Clement Scott naye alikufa mwaka 1907. Huyu alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Kabla ya Kikuyu alikuwa Blantyre, Malawi, na huko kati ya 1888 na 1891 alijenga kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lenye kuba na minara, bila kuwa amesomea usanifu wa majengo hata siku moja, akiwa na mafundi wenyeji waliojifunza kazi wakiwa juu ya jukwaa. Kanisa hilo bado limesimama. Ukitazama picha yake hutaamini.

Majina ya hawa wawili yakaunganishwa katika jengo la kwanza la mawe la Thogoto, kanisa dogo la ukumbusho la Watson na Scott. Ni dogo kweli, halina makuu. Kumbe ndani ya kajengo haka ungezuka ugomvi uliotikisa Kanisa la Kiingereza kuanzia Unguja hadi Canterbury.

Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu: Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa African Inland Mission na wengine. Hoja yao ilikuwa ya busara. Kwa nini mwongofu akihama kutoka eneo la misheni moja kwenda jingine aambiwe aanze upya, kana kwamba Kristo wa Thogoto si Kristo wa Mombasa? Wakaandaa mpango wa shirikisho. Mwishoni mwa mkutano wakala Meza ya Bwana pamoja, ndani ya kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza ibada. Askofu Willis wa Uganda naye alikuwepo.

Habari zilipofika Unguja, Askofu Frank Weston akawaka. Kwake yeye, askofu wa Kianglikana kuwapa komunyo watu wasiokubali uaskofu ilikuwa sawa na kusema uaskofu hauna maana. Na Wapresbiteri hawana maaskofu kabisa, ndiyo maana ya jina lao: "presbyteros" kwa Kigiriki ni mzee, na kanisa lao linaendeshwa na vikao vya wazee, kuanzia usharika hadi mkutano mkuu. Weston akawashtaki wenzake wawili kwa uzushi na mafarakano, akataka wahukumiwe. Magazeti ya London yakajaa jina la Kikuyu, mahali ambapo wasomaji wake hawakuweza kupaonyesha kwenye ramani. Randall Davidson, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitoa jibu lake mwaka 1915, la kiungwana na la kukwepa: hakuwahukumu maaskofu wale wawili, na hakuruhusu ibada ile irudiwe. Mzaha ukazagaa Uingereza kwamba tume imeona ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na isithubutu kutokea tena.

Mimi binafsi huwa namtetea Weston kidogo. Wenzangu wengi wakimsoma wanamwona mtu wa vita tu. Lakini alikuwa askofu aliyejua Kiswahili vizuri, aliyeishi na watu wake wa Unguja na pwani ya bara hadi alipofia Magila mwaka 1924, na aliyewatetea Waafrika dhidi ya kazi za kulazimishwa wakati ambapo kufanya hivyo hakukumletea marafiki. Alichokuwa anakilinda alikiamini. Kasoro iliyonisumbua mimi iko pande zote mbili. Katika mabishano yote yale, barua kwa barua, kijitabu kwa kijitabu, hakuna aliyefikiria kumuuliza Mgikuyu aliyefagia kanisa lile asubuhi ya ibada. Nyumba ilikuwa yake au alikuwa mgeni ndani yake? Swali hilo halikuwepo mezani.

Jibu la kwanza likaja na vita. Weston alikusanya wapagazi wa Unguja mwaka 1916, akawaongoza mwenyewe katika bara letu hili akiwa na cheo cha meja. Mwaka uliofuata Dk. John Arthur, daktari aliyekuwa mkuu wa Thogoto, akakusanya vijana wa misheni za Kikuyu nao waende kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Fikiria: mkuu wa kanisa lililoshtakiwa na askofu aliyelishtaki, kila mmoja ana safu yake ya wapagazi katika nchi moja, na wote wawili wanaamini kwamba mtu wao akiongozwa na mmisionari atakufa kidogo kuliko akiongozwa na afisa wa jeshi. Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli, maana wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Vijana waliorudi Thogoto hawakuwa tena watoto wa bwenini.

Na miongoni mwa watoto wa bwenini alikuwapo mmoja aliyeondoka mapema. Alifika misheni mwaka 1909, akajifunza kusoma na useremala, akabatizwa Agosti 1914 kwa jina la Johnstone Kamau. Dunia ilimjua baadaye kama Jomo Kenyatta. Ule mpango wa viwanda ulimpa randa, naye akaenda nayo njia yake.

Sasa tuingie jengo la pili. Kufikia miaka ya 1920 kanisa la Watson na Scott lilikuwa halitoshi. Waongofu walikuwa wameongezeka, shule zimeenea vijijini, na mwaka 1926 mambo mawili makubwa yalitokea: Alliance High School ilifunguliwa hapo hapo jirani, matunda ya ule ushirikiano wa misheni uliozaliwa kwenye mikutano ya Kikuyu, na Wagikuyu wa kwanza, Musa Gitau akiwemo, wakawekewa mikono kuwa wachungaji. Mwaka 1928 ujenzi wa kanisa kubwa la mawe ukaanza. Likaitwa Church of the Torch, Kanisa la Mwenge. Natafsiri "mwenge" kwa sababu nikisema Kanisa la Tochi mtacheka. Kwa Mtanzania jina hilo lina joto la pekee, hasa sisi wa Kibaha ambako Mwenge wa Uhuru uliwashwa mwaka 2025, lakini mwenge wa Thogoto ni wa zamani kuliko ule uliopandishwa Kilimanjaro mwaka 1961.

Kuta zikiwa zinapanda, nyumba ikapasuka.

Misheni ilikuwa imepinga tohara ya wasichana kwa miaka mingi. Dk. Arthur na wenzake waliona hospitalini kinachotokea msichana aliyekatwa anapojifungua, na katika hilo la madhara walikuwa sahihi, sioni sababu ya kuzungukazunguka. Lakini mwaka 1929 wakachagua njia ya karatasi. Waumini, na hasa walimu, wakatakiwa waahidi kwa kutia sahihi au dole gumba kwamba wanaikana desturi hiyo. Wagikuyu wakaiita "kirore", alama ya kidole. Hebu weka jambo hilo katika mazingira yake. Mtu aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya mzungu miaka ile alikuwa anatia kwenye mkataba wa kibarua au kwenye kipande, pasi ya kazi aliyoivaa shingoni. Mara nyingi hakujua karatasi inasema nini. Ardhi ilikuwa imekwenda kwa karatasi. Sasa kanisa nalo linaleta karatasi? Halafu anayeileta, Dk. Arthur, amekaa pia katika Baraza Tendaji la serikali ya koloni. Padri na mlowezi, msemo ukapata mwili.

Watu wakatoka. Katika muda mfupi sana usharika wa Thogoto ulipoteza sehemu kubwa ya washiriki wake. Wimbo na ngoma ya kuwadhihaki wamisionari, Muthirigu, ukaenea hadi serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa 1930. Arthur akaondoka kwenye Baraza. Waliotoka hawakuwa wamemkataa Mungu, hilo lingekuwa rahisi kwa kila mtu. Walianzisha shule zao huru na makanisa yao, za Karing'a na zile za umoja wa KISA. Mwaka 1935 wakamleta askofu mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini awaandalie makasisi. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Yote hayo kwa michango yao wenyewe. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ikayafunga.

Rudi sasa pale kwenye jengo. Kanisa la Mwenge lilikamilika mwaka 1933. Yaani lilianzwa kwa ajili ya watu ambao, lilipofika katikati, walikuwa wameondoka, na likamalizwa na waliobaki. Nimewahi kusoma maelezo kadhaa ya kanisa hili yanayotaja miaka hiyo miwili, 1928 na 1933, kwa mstari mmoja, kama vile ujenzi ulichukua miaka mitano kwa sababu mawe ni mazito. Kwangu mimi miaka mitano ile ndiyo historia yenyewe. Kila kozi ya mawe iliyopandishwa baada ya 1929 ilipandishwa mbele ya macho ya majirani ambao sasa walikuwa wanasali chini ya mti au ndani ya banda la nyasi la shule huru, wakijua kwamba mawe ya chini waliyachangia wao. Na waliobaki, Mchungaji Musa Gitau na wazee wake, walibeba lawama ya kuitwa vibaraka huku wakiendelea kutafuta fedha ya paa. Si jambo dogo kubaki pia. Watu wanaosimulia 1929 huwapa ujasiri wote waliotoka, nami nadhani mgao huo si wa haki.

Wengi walirudi pole pole miaka iliyofuata. Arthur alirudi Uskoti mwaka 1937. Mwaka 1938 yule seremala wa zamani, akiwa London, alichapisha Facing Mount Kenya na kuitetea tohara kama nguzo ya maisha ya Wagikuyu. Wasomi wa kike wa Kenya wamemjibu vizuri tangu hapo, sina la kuongeza. Mwaka 1943 Wapresbiteri wa Kenya wakapata kanisa lenye jina lake, Presbyterian Church of East Africa, PCEA kwa kifupi, na mwaka 1956 wazungu waliokuwa na presbiteri yao ya pembeni, wakiwemo wa St Andrew's ya Nairobi, wakaungana nalo. Miaka ya Mau Mau siigusi hapa isipokuwa kusema kwamba ilirudisha ule mpasuko wa 1929 ukiwa na panga mkononi, na Wapresbiteri walikufa pande zote.

Lakini lile swali la mwenye nyumba lilikuwa bado halijajibiwa, maana unaweza kuwa na mchungaji Mwafrika, wazee Waafrika, na hundi ikaendelea kutoka Edinburgh. Aliyelisema kwa sauti alikuwa John Gatu, Katibu Mkuu wa PCEA wa kwanza Mwafrika. Mwaka 1971 alisimama Milwaukee, Marekani, mbele ya watu wa misheni, akawaambia kwamba wakati umefika wamisionari waondoke na fedha zisimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajue yenyewe ni nani. Wenyeji wake walishangaa. Baadhi waliumia. Alikuwa mgeni wao, na anawaomba wasije! Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka ukalichukua wazo hilo.

Nyumbani PCEA ikachukua neno moja la Kiswahili kuwa kaulimbiu: Jitegemea. Mtanzania akilisikia anakumbuka Azimio la Arusha la 1967 na ubao wa shuleni ulioandikwa "Elimu ya Kujitegemea". Sisemi Gatu alilichukua kwa Nyerere. Neno lilikuwa hewani, kila mtu alilivuta. Ila angalia lugha. Kanisa lililozaliwa Ugikuyuni, likabishaniwa kwa Kiingereza, lilipotaka kusema "sasa nyumba ni yetu" halikusema kwa Kigikuyu wala kwa Kiingereza. Makao makuu yake, South C mjini Nairobi, yanaitwa Jitegemea House.

Misheni ya viwanda iliacha pia hospitali, shule na mafundi, na ningeweza kuandika kurasa juu ya hospitali ya Kikuyu peke yake. Nimekaa na majengo mawili kwa sababu yanasemezana. Dogo lilijengwa kukumbuka wageni wawili waliokufa, na wageni wengine wakagombana juu yake. Kubwa lilianzwa na jumuiya moja, likamalizwa na nusu yake.

Minnie Watson alifariki Uskoti mwaka 1949. Majivu yake yalisafirishwa kurudi Kikuyu, akazikwa karibu na mumewe aliyemtangulia kwa karibu miaka 50. Wakati huo ardhi ilikuwa bado inadaiwa, shule huru zilikuwa bado wazi, na seremala Kamau alikuwa ameshakuwa mkuu wa chuo cha Githunguri, mwendo wa saa chache kutoka kaburini.